Kiswahili hakina njaa ya rangi, sisi ndo tunahesabu vibaya

Kila ikikaribia tarehe 7 Julai, ile siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mitandaoni linarudi swali lilelile, hivi Kiswahili kina rangi ngapi? Na jibu la kejeli huwa tayari mfukoni: tatu. Nyeupe, nyeusi, nyekundu, basi, zilizobaki zote ni za kuazima au ni majina ya vitu. Siku hizi swali limepata sura mpya manake watu wanaipelekea akili mnemba, nayo bila kusita inashusha orodha safi ya rangi kumi na moja, hudhurungi ipo, samawati ipo, urujuani ipo, halafu wale wa upande wa pili wanachukua skrinshoti wanaanza kushangilia, oneni sasa, lugha yetu tajiri, nani alisema tatu. Wiki inapita, watu wametukanana vya kutosha, mwakani tunaanza upya.

Mi naona pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Wote wanahesabu majina ya rangi kama mtu anayehesabu penseli kwenye boksi. Kiswahili kina njia mbili tofauti kabisa za kutaja rangi, moja ni ya zamani na imeshafungwa, haiongezwi mtu, na nyingine iko wazi haina mwisho, na ukishaziona zote mbili lile swali la "ngapi" linakuwa halina kazi. Linabaki swali zito zaidi ambalo hakuna anayelichukulia skrinshoti: mtu akitaja rangi, anakuwa anamwambia mwenzake nini hasa?

Tuanze na hizo tatu maana zina mambo. -eupe, -eusi na -ekundu ni vivumishi halisi, vinavalishwa kiambishi cha nomino kama inavyovalishwa -kubwa na -zuri: kitambaa cheupe, mlango mwekundu, mawingu meusi, mbuzi mweupe. Rangi zingine zote haziwezi hilo, lazima zishikwe mkono na "ya", "la", "cha". Mtu yeyote wa mpira anaijua tofauti hii bila kufundishwa na mwalimu, refa akiingiza mkono mfukoni ni kadi nyekundu, lakini ile nyingine ni kadi ya njano, na sijawahi kusikia mtu kajichanganya akasema kadi ya nyekundu. Simba wanaitwa Wekundu wa Msimbazi, rangi na watu wameingia ndani ya neno moja. Yanga na kijani na njano yao hawawezi kupata jina la namna hiyo hata wakiitisha mkutano mkuu, sarufi inawakatalia, ndo maana wamebaki Wananchi na watoto wa Jangwani (mashabiki msinune, hii ni sarufi siyo msimamo wa ligi). Tena hizo tatu zina mikia yake ya kukazia, nyeupe pee, nyeusi tii, nyekundu nduu. Hebu jaribu kuipa bluu mkia wa namna hiyo uone kama mdomo utakubali.

Sasa kitu ambacho wanaodharau hizo tatu hawakioni ni upana wake. Wingu la mvua kwa macho ni la kijivu, lakini tunasema mawingu meusi na kila mtu anaanua nguo. Udongo mwekundu wa Arusha au wa kule Makambako ukiuweka pembeni ya kadi ya refa utaona havifanani hata kidogo, mmoja unakimbilia kwenye kahawia, bado ni mwekundu. Kukikucha kunakuwa kweupe, na kitu kikifanyika kweupe maana yake hakijafichwa, hapo hakuna rangi kabisa, kuna mwanga tu. Na mfano ninaoupenda kuliko yote ni kaniki. Bibi zetu waliivaa, kila mtu ukimuuliza anakwambia kaniki ni nguo nyeusi, lakini kaniki ya asili ilikuwa kitambaa cha pamba kilichotiwa nili, yaani bluu iliyoiva mpaka ikafika mwisho. Waliovaa hawakuwa vipofu. Walikuwa wanaipanga nguo upande wa giza, kwa sababu neno -eusi halikuwa linauliza bluu au siyo bluu, lilikuwa linauliza je, kitu hiki kiko upande gani kati ya mwanga na giza, na hapo katikati ipo -ekundu, ya damu, ya moto, ya udongo, ya vitu vyenye joto.

Ndo maana hizo tatu zilibeba kazi nzito kwenye maisha. Kisutu, ile kanga ya harusi ya tangu enzi za bibi zetu, ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mganga akikwambia uje na vitambaa utaagizwa cheupe, chekundu na cheusi, hujawahi kusikia mganga anataka cha pinki. Na siyo pwani peke yake, mwanaanthropolojia Victor Turner aliyekaa na Wandembu wa kaskazini magharibi mwa Zambia miaka ya 1950 aliandika kwa kirefu jinsi rangi hizohizo tatu zilivyoshikilia matambiko yao, na lugha yao ni ya Kibantu kama yetu. Kwa hiyo mtu anayesema "tatu tu" ajue kwamba hizo tatu zilikuwa mfumo mzima wa kupanga dunia, siyo mabaki ya boksi la penseli lililopungua.

Halafu kuna njia ya pili, na hii ndo inayodharauliwa zaidi wakati ndo yenye nguvu. Unachukua kitu ambacho wewe na mwenzako wote mnakijua, unakinyooshea kidole kwa neno. Majani yakatoa kijani, majivu yakatoa kijivu, kahawa ikatoa kahawia, manjano ni kile kiungo cha pilau na mchuzi, zambarau ni lile tunda linalotia ulimi rangi, waridi ni ua, chungwa ni chungwa. Ukienda mbele unakutana na rangi ya ugoro, ya udongo, ya maziwa, maji ya kunde, na ile ambayo sijui nani aliitunga lakini Mungu amlaze pema, damu ya mzee. Mwambie mtu sweta la damu ya mzee uone kama atakuletea jekundu la kawaida. Mwaka jana nilikuwa napaka chumba, nikaingia dukani nikasema nataka bluu, kijana pale kaunta hakuniletea katalogi, aliniuliza tu, "Bluu gani bro, ya bahari, ya sketi ya shule, au ya turubai?" Maswali matatu, nikajibu moja, nikatoka na ndoo iliyokuwa sahihi kabisa. Wanaosema hakuna istilahi waje wasimame pale kaunta nusu saa.

Na hata hapo hatujamaliza, kwa sababu sehemu kubwa ya rangi katika Kiswahili haisemwi kwa jina la rangi kabisa, inasemwa kwa hali ya kitu. Ukisema embe bichi umeshataja rangi yake, ukisema limeiva umetaja nyingine. Nguo imechuja, imepauka, imefubaa, rangi imekoza, imeiva, shati limeingiwa madoa, punda ana milia, kuku ana madoadoa. Maneno haya yanakwambia rangi ilitoka wapi na inaelekea wapi, na mtu anayehesabu nomino tu kwenye kamusi atayaacha yote nje halafu atangaze kwamba lugha ina njaa.

Sasa tuwasikilize wanaosema sisi maskini, maana hoja zao haziko sawa, kuna nzito na kuna nyepesi. Nzito inatoka kwa Brent Berlin na Paul Kay, Wamarekani wawili ambao mwaka 1969 walitoa kitabu kuhusu majina ya msingi ya rangi wakiwa wamekusanya taarifa za lugha 98. Walisema lugha haziongezi rangi kiholela, zinafuata mpangilio, kwanza neno la giza na la mwanga, halafu nyekundu, halafu kijani au manjano, baadaye bluu, kisha kahawia, mwisho ndo zinakuja zambarau, pinki, chungwa na kijivu, jumla kumi na moja. Na ukweli usemwe, Kiswahili kinaonekana kama kimeandikwa ili kuwathibitishia, vivumishi vyetu vitatu ndo vilevile vitatu vya mwanzo wa mpangilio wao. Mi siwezi kulikataa hilo. Utafiti uliokuja baadaye, wa lugha 110 ambazo nyingi hazikuwa na maandishi, watu wakionyeshwa vipande 330 vya rangi, ulirekebisha mengi lakini haukuangusha wazo kubwa, kwamba macho ya binadamu ni yaleyale na lugha hazigawi rangi kwa bahati nasibu.

Ila kuna jambo kwenye hicho kitabu ambalo linatuhusu moja kwa moja na watu hawalisemi. Kati ya lugha zote hizo 98, ni 20 tu ambazo wasemaji wenyewe walikaa wakaonyeshwa vipande vya rangi, na Kiswahili kilikuwa mojawapo. Wengi wa wasemaji hao walikuwa wanaishi eneo la San Francisco, na kwa lugha nyingi alihojiwa mtu mmoja. Mmoja! Fikiria mtu anataka kujua Kiswahili kinasemaje kuhusu rangi, anamkalisha mtu mmoja aliyeko California anayeongea Kiingereza kila siku, anampa kadi, taja hii, taja hii. Muuza mitumba wa Karume, mfuma mikeka wa Pemba na mama wa Kitui hawakuwepo. Halafu vigezo vyao vya neno la msingi vinalitilia shaka neno ambalo ni jina la kitu, na vinalitilia shaka neno lililoazimwa karibuni, yaani vimegusa hasa njia ambayo Kiswahili kinaitumia kuzalisha rangi. Chungwa la Kiingereza nalo ni jina la tunda, lakini lilipita getini.

Hoja nyepesi, ile ambayo inapendwa zaidi kwa sababu inashtua, ni ile inayosema asiye na neno la bluu haioni bluu. Hii ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1858 Gladstone, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza mara nne, alishangaa kwamba Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, hasemi kamwe anga ni ya bluu, bahari anaifananisha na mvinyo, akahisi labda macho ya Wagiriki wa kale yalikuwa bado hayajakomaa katika kuona rangi. Wenzake wa Ulaya wakaidaka, wakaanza kuwafikiria na "washenzi" wa makoloni kwa mtindo huohuo. Kabla karne ya 19 haijaisha watu walishawapima wasemaji wa lugha mbalimbali wakakuta macho hayana shida, wanatofautisha rangi vizuri tu hata zile wasizokuwa na jina lake. Hoja ikafa. Halafu ikafufuka na intaneti, sasa hivi inazunguka kupitia Wahimba wa Namibia, kwamba eti hawaioni bluu. Utafiti wenyewe uliochapishwa na akina Debi Roberson na Jules Davidoff haukusema hivyo, ulikuwa unapima kumbukumbu na namna watu wanavyogawa makundi ya rangi, na ulikuta kwamba mipaka ya maneno ya lugha yako inakusaidia kukumbuka na kulinganisha. Kusaidia kukumbuka ni kitu kimoja, upofu ni kitu kingine kabisa.

Warusi ndo wanaonyesha ukubwa halisi wa jambo hili. Wana maneno mawili ambayo sisi wote tungeyaita bluu, siniy ya kukoza na goluboy ya mpauko, na kwao hizo ni rangi mbili kama nyekundu na pinki zilivyo mbili kwa Mwingereza. Mwaka 2007 Jonathan Winawer na wenzake waliwapima, wakakuta Mrusi anakuwa mwepesi kidogo kutofautisha bluu mbili zikiwa pande tofauti za mpaka huo kuliko zikiwa upande mmoja. Kidogo, yaani sehemu ndogo ya sekunde. Mwingereza naye anaziona zote mbili, hajakosa kitu. Wajapani wanaita taa ya kuruhusu magari "ao", neno ambalo kwa kawaida ni bluu, na magari yanapita salama. Kwa hiyo mtu akikwambia babu yako wa Kilwa hakuiona bluu ya Bahari ya Hindi kwa kukosa neno, mwambie babu yake yeye alikosa neno la chungwa mpaka meli zilipomletea tunda.

Na hapo tugeukie upande wa pili, hawa wenye skrinshoti ya kumi na moja, maana nao nina ugomvi nao. Wanaona aibu neno "bluu" kwa kuwa ni la Kiingereza, wanataka samawati, wanaona aibu "rangi ya udongo", wanataka hudhurungi. Samawati ni neno zuri, linatoka kwenye Kiarabu, mbingu, na watoto wa Kenya wanalijua vizuri kwa sababu wanafundishwa shuleni. Lakini samawati ni ya kuazima kama bluu ilivyo ya kuazima, tofauti ni mwaka wa kuingia bandarini tu. Narinji ni hivyohivyo, urujuani ni hivyohivyo, na ukitaka kuwa msafi wa damu kabisa basi uanze kulitupa neno "rangi" lenyewe maana hilo asili yake ni Kiajemi. Na huyo Mwingereza tunayemwonea wivu, "blue" yake aliitoa kwa Wafaransa, "purple" inarudi mpaka kwa Wagiriki na konokono wao wa baharini, "orange" imepita Uajemi na Uarabuni kabla ya kufika kwake, "magenta" ni mji wa Italia uliopiganiwa vita mwaka 1859, na "kaki" aliikuta India, neno ambalo maana yake ni ya vumbi. Ya vumbi! Yaani ni "rangi ya udongo" ileile, muundo uleule tunaouonea aibu, isipokuwa yeye alikopa bila kuomba radhi.

Ubaya wa orodha ya kumi na moja ni kwamba imetengenezwa kwa kuchukua boksi la Kiingereza na kulijaza, kila shimo lazima lipate kitu. Hudhurungi imewekwa pale kwa sababu Kiingereza kina shimo la brown. Mtoto wa darasa la tatu anaikariri, anajibu mtihani, anatoka nje anasema viatu vya kahawia au viatu vya braun na maisha yanaendelea. Sina shida na mtoto kujua neno la ziada. Shida ni pale mtoto mwingine anapoandika "rangi ya udongo" akapigwa mkasi, wakati yeye ndo kaandika Kiswahili na mtihani ndo uliandika tafsiri.

Ipo hoja moja ya wanaolalamika ambayo mi mwenyewe inanipa tabu na sitaki niipite kama haipo. Wanasema kunyooshea kitu kidole kunafanya kazi pale tu mnapokijua kitu wote. Kweli. Mtoto wa Dodoma mjini ambaye hajawahi kuona zambarau, lile tunda, kwake zambarau ni sauti tu, na maji ya kunde kwa mtu anayekula chipsi kila siku ni picha iliyofutika. Kongo rangi nyingi zimeingilia mlango wa Kifaransa, Zanzibar wanasema buluu, Tanzania bara njano, Kenya manjano, na muuza nguo wa mtandaoni anayetuma mzigo kutoka Kariakoo mpaka Lubumbashi akiandika "gauni la ugoro" anajitafutia kesi. Na kwenye afya ndo pabaya zaidi. Nesi akimuuliza mama kama macho ya mtoto yamekuwa ya manjano anategemea mama afikirie rangi, lakini mama anafikiria ugonjwa, maana manjano ni jina la ugonjwa pia, na kuna homa ya manjano ambayo ni kitu kingine tena. Hapa usahihi siyo anasa.

Lakini angalia wanaofanya kazi hiyo wanavyojiokoa. Ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto kuona kama ana utapiamlo, kuanzia miezi sita mpaka chini ya miaka mitano una sehemu tatu, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kutoka hapo mpaka 12.5 ni njano, juu yake ni kijani, rangi tatu zilizo mbalimbali. Na mkojo ukitiliwa wasiwasi, swali linalopata jibu ni "ulikuwa kama chai ya rangi?" kuliko "ulikuwa kahawia iliyokoza?". Chai ya rangi kila nyumba ipo. Yaani njia ileile ya kunyoosha kidole, ila kidole kimehamishwa kutoka kwenye kunde kwenda kwenye kikombe. Vitu vinakufa, njia haifi, unachotakiwa ni kuwa na adabu ya kuchagua kitu ambacho mwenzako anacho.

(Na hiyo "chai ya rangi" yenyewe, umewahi kuifikiria? Chai ya maziwa nayo si ina rangi. Lakini ile isiyo na maziwa ndo tumeipa neno rangi lote peke yake, haikutajwa rangi gani, na hakuna mtu amewahi kukosea oda.)

Na hapo tunarudi kwenye swali nililoliacha juu, rangi inawaambia watu nini. Mara nyingi haisemi kabisa kuhusu macho. Mwanza dada akiitwa mweupe hakuna anayedhani katoka Norway, mweupe hapo ni kipimo kati yetu wenyewe, kina sifa ndani yake na kina kidonda pia, ukiangalia biashara ya mkorogo utaelewa kidonda kiko wapi. Mashine ya kutafsiri ikikutana na "mweupe" huyo inamgeuza Mzungu mara moja, nimeiona ikifanya hivyo, na hilo ni kosa kubwa kuliko kukosa neno la turkwazi. Kenya kuna watu wanasifiwa kuwa rangi ya thao, rangi ya noti ya shilingi elfu moja, sifa ambayo imechanganya ngozi na pesa kwa mkupuo mmoja. Huku kwetu safari ilikwenda kinyume, noti ya elfu kumi ina wekundu, wekundu ni Simba, Simba ni Msimbazi, basi noti ikaitwa msimbazi, na leo mtu anakwambia "nikopeshe msimbazi mbili" na rangi iliyoanzisha safari haitajwi tena. Ukitaka kuelewa neno hilo kipande cha rangi cha Berlin na Kay hakitakusaidia, unahitaji kujua mpira na mtaa wa Kariakoo.

Siasa ndo usiseme. Kenya kwenye kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005 tume ya uchaguzi iligawa alama za matunda, ndizi kwa wanaokubali na chungwa kwa wanaokataa, waliokataa wakashinda, na tunda likawa chama. Tangu hapo ukisema "chungwa" kule umesema rangi, umesema tunda na umesema kura yako, vyote kwa pamoja, na Kiswahili hakikuhitaji hata neno jipya kwa sababu tunda na rangi tayari vilikuwa kitu kimoja. Huku bara ukimwambia mtu "naona siku hizi umekuwa wa kijani" hatakujibu habari za majani, atakujibu habari za CCM. Ndo maana mimi nacheka nikiona mabango ya miradi yameandikwa uchumi wa kijani, nishati ya kijani, ajira za kijani. Aliyeyaandika alikuwa anatafsiri Kiingereza cha wafadhili, anayesoma pale stendi anajiuliza ni ajira za chama au? Wala hayuko mjinga, kasoma neno kama linavyotumika mtaani kwake.

Kwa hiyo ukiniuliza la kufanya, mimi sianzii kwenye kuunda maneno mapya ya rangi. Nianzie kwa watunga mitihani, waache kumkata mtoto anayesema rangi ya kitu, hiyo ndo sarufi yenyewe. Watu wa kamusi wangetuwekea damu ya mzee, maji ya kunde na ugoro kwa maelezo ya kutosha, nani anasema, wapi, kwa kitu gani, maana nyingine ni za nguo tu na nyingine ni za ngozi tu, huwezi kuita ukuta maji ya kunde watu wakakuelewa kirahisi. Na hawa wanaofundisha mashine Kiswahili, orodha ya kumi na moja wanayo tayari, imejaa kote, wasichokuwa nacho ni yule kijana wa kaunta na swali lake la turubai. Mashine ikilishwa orodha peke yake itakuja kutufundisha hudhurungi sisi wenyewe, na kwa jinsi watu wanavyoishangilia skrinshoti naona imeshaanza.

Kuna kimoja nakifuatilia kwa udadisi tu. Lile "ya" limeanza kudondoka. Zamani kidogo ungesikia gari la rangi ya bluu, ikawa gari ya bluu, sasa hivi madalali wa magari wanasema gari bluu, gari silva, kama vile wanasema gari zuri. Njano nayo ilishajikata kutoka kwenye manjano, jikoni kiungo wengi wanakiita binzari, na watoto wengi hawajui kabisa kwamba rangi na kiungo viliwahi kuwa neno moja. Bado haijavaa kiambishi, hakuna anayesema "kinjano" wala "wanjano". Lakini juzi uwanjani, Yanga walipokuwa wanatoka mapumziko, nyuma yangu mtoto wa kama miaka sita alipiga kelele "baba, manjano wamerudi!", na baba yake hakumsahihisha.